Kabla hujanunua dadu, tafuta refa: uzi wa michezo ya kuigiza na vita vya mezani

Mleta uzi

Salaam wakuu.

Watu wameniuliza sana faragha kuhusu hii michezo ya mezani ninayoitajataja kwenye nyuzi za wengine, nikaona niishushe yote hapa kwa mpigo. Nitazungumzia aina mbili. Ya kwanza ni ya kuigiza: watu wanne watano mezani, karatasi, penseli na dadu. Kila mmoja ana mhusika wake, na mmoja wao, refa, ndiye anayeishika dunia nzima wanamopita wahusika hao. Ya pili ni vita vya vikosi vidogo: kila mchezaji ana sanamu zake kama kumi, ndefu sentimita tatu hivi, anazisogeza kwa kupima na futi kamba katikati ya majumba yaliyotengenezwa kwa maboksi.

Kila anayevutiwa huanza na bei. Dadu zinauzwa wapi, kitabu shilingi ngapi, sanamu zinaagizwaje. Wakuu, hilo ni swali la mwisho kabisa. Swali la kwanza ni nani atakuwa refa, kwa sababu mchezo wenyewe umezaliwa na refa. Vitabu na sanamu vilikuja kumsaidia kazi.

Tazama drafti, bao au chesi. Kila kitu kiko wazi mbele ya wote wawili, na kanuni zimefunga kila mlango. Kete ya drafti haiwezi kujificha, haiwezi kuhonga, haiwezi kuomba suluhu. Sasa turudi Prussia, ufalme wa Wajerumani wa enzi hizo, mwaka 1812. Baron Georg Leopold von Reisswitz alimwonyesha Mfalme Friedrich Wilhelm III meza ya mchezo wa vita yenye vipande vya ardhi vinavyopangwa upya: vilima, mito, barabara. Mwanawe Georg Heinrich, ofisa wa mizinga, akauhamishia kwenye ramani za kipimo cha 1:8000, na kanuni zikachapishwa mwaka 1824. Jeshi likauchukua kufundishia maofisa.

Kilichokuwa kipya pale ni mtu wa tatu mezani. Makamanda wawili hawakuruhusiwa kuona vikosi vyote. Kila mmoja aliandika amri zake kwenye karatasi akampa msimamizi. Msimamizi ndiye pekee aliyejua nani yuko wapi. Alirusha dadu, akatazama majedwali, kisha akamweleza kila kamanda yale tu ambayo macho yake yangeyaona: vumbi upande wa mto, milio nyuma ya msitu, basi. Mwaka 1876 ofisa mwingine, Julius von Verdy du Vernois, akaenda mbali zaidi. Aliona majedwali yanachosha na yanachelewesha, akataka msimamizi mwenye uzoefu aamue kwa akili yake mwenyewe. Hapo ndipo mlango ulipofunguka. Ukiwa na mtu wa kuamua, unaweza kujaribu jambo lolote, hata lile ambalo hakuna kanuni iliyowahi kulitaja.

Naendelea chini. Maswali ruksa.

Mdau wa Tanga

Mkuu nimekaa mkao wa kula, ila bado sijashika kitu. Anashinda nani? Mchezo wa hadithi mtu anaushindaje?

Mleta uzi

Kwenye kuigiza hakuna mshindi mkuu. Wachezaji wako upande mmoja, na refa si adui yao. Ngoja nikupe kipande kimoja cha mezani kwetu ndipo uone.

Sisi tunacheza Kilwa ya mwaka 1331, mwaka aliopita Ibn Battuta, Sultani akiwa al-Hasan bin Sulaiman. Wahusika ni watatu: nahodha wa mtepe, fundi wa kushona vyombo, na kijana mwandishi aliyekimbia madeni Mogadishu. Wameingia bandarini na dhahabu ya Sofala ambayo haijalipiwa ushuru, wameificha chini ya magunia ya mtama. Mkaguzi wa Sultani kapanda chomboni. Mimi ndiye refa.

Nikasema: "Ameshika fimbo yenye ncha ya chuma. Anachoma gunia la kwanza, anaitazama ncha. Anachoma la pili. Yamebaki mawili afike penyewe. Mnafanyaje?"

Mchezaji wa yule mwandishi akasimama kabisa kwenye kiti. "Namsogelea, namsalimia kwa Kiarabu cha kisomi, namwambia mimi ni mpwa wa kadhi wa Mogadishu, na nasikitika kuona mgeni anapokewa kwa fimbo."

Nikampa lengo la 15. Mhusika wake ni msemaji mzuri, anaongeza 3. Akarusha dadu ya pande ishirini: 11. Jumla 14. Amekosa kwa moja.

Hapa ndipo refa anapofanya kazi. Ningeweza kusema "hakuamini", dhahabu ikakamatwa, na habari ikaishia hapo. Niliamua kwamba mkaguzi amemwamini mno. Akaiweka fimbo chini, akamshika kijana mkono kwa heshima: "Mpwa wa kadhi halali chomboni. Twende Husuni Kubwa, kuna barua zimetoka kwenu Mogadishu, Sultani atafurahi ukimsomea."

Meza nzima ikalipuka. Dhahabu imepona, lakini mwongo anapelekwa kasri kuudhihirisha uongo wake mbele ya Sultani, na wenzake wawili wana usiku mmoja wa kumtoa. Hakuna aliyepanga hivyo, hata mimi sikuwa nimepanga. Jioni tatu zilizofuata zilitoka kwenye ile 14. Huko ndiko kushinda, mkuu.

Mdau wa Nairobi

Hii ndiyo ile D&D (Dungeons and Dragons) watu husema? Nilidhani ilianza na vitabu vya mazimwi na mashujaa, kumbe ni mambo ya jeshi?

Mleta uzi

Ndiyo hiyo, na safari yake ni tamu kuliko watu wanavyojua.

Mwaka 1880 ofisa wa Marekani, Charles Totten, alitoa kanuni zake za mchezo wa vita, Strategos, zenye msimamizi kama wa Prussia. Kitabu kikakaa maktaba. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kijana mmoja wa Minnesota, David Wesely, akakikuta. Yeye na wenzake walikuwa wakicheza vita vya enzi ya Napoleon kwa sanamu ndogo, na walikuwa wamechoka kugombania kanuni. Lile wazo la msimamizi anayeweza kuamua jambo lolote likamkaa kichwani.

Mwaka 1969 akaandaa mchezo kwenye mji wa kubuni wa Ujerumani, Braunstein. Majeshi mawili yanaukaribia mji. Lakini badala ya kumpa kila mtu jeshi, akawapa baadhi yao nafasi za watu wa mji: meya, mwenye benki, mkuu wa chuo, kila mmoja na malengo yake ya siri. Alipanga kuwaita mmoja mmoja. Wapi! Watu walitawanyika wakaanza kunong'onezana pembeni, kupanga njama, kusalitiana. Wawili wakaamua wapigane ana kwa ana, jambo ambalo kanuni zake hazikuwa nalo kabisa. Wesely alirudi nyumbani akijua jioni imeharibika. Wenzake wakamfuata kumwomba mwingine.

Mmoja wa waliokuwa kundini ni Dave Arneson. Wesely alipoitwa jeshini mwaka 1970, Arneson akaendeleza mwenendo ule, ila akaupeleka kwenye nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor: ngome ya plastiki juu ya meza, na chini yake mapango yenye viumbe na hazina. Wachezaji wakaacha kuongoza majeshi. Kila mmoja akawa mtu mmoja anayerudi wiki baada ya wiki akiwa na makovu na mali yake.

Hapo pakazuka tatizo. Kwenye kanuni za sanamu walizokuwa nazo, pigo moja likiingia, sanamu imekufa. Kwa askari mmoja kati ya mia si neno. Kwa mhusika uliyemlea miezi kadhaa, inauma. Arneson akachukua wazo kutoka kwenye kanuni zake za vita vya meli za chuma za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani: meli haizami kwa kombora la kwanza, ina uwezo wa kubeba mapigo kadhaa. Akampa kila mhusika hesabu ya uhai. Leo kila mtoto anayecheza gemu kwenye simu anaiona ile mistari ya uhai juu ya kichwa cha mhusika. Imetoka kwenye meli za vita.

Mwishoni mwa 1972 Arneson akaenda Lake Geneva, Wisconsin, kumwonyesha Gary Gygax, ambaye mwaka 1971 alikuwa ametoa na Jeff Perren kanuni za vita vya zama za kati zenye nyongeza ya mazimwi na wachawi. Wakaandika pamoja. Wachapishaji wa wakati huo hawakuichukua, hivyo Gygax na Don Kaye wakaanzisha kampuni yao, TSR, mwaka 1973, na Januari 1974 Dungeons & Dragons ikatoka: vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000, dola 10. Kampuni ya Wizards of the Coast iliinunua TSR mwaka 1997, na Hasbro, kampuni ya vitu vya kuchezea, ikainunua hiyo mwaka 1999.

Mdau wa Mwanza

Samahani mleta uzi, nauliza kwa nia njema. Mdogo wangu alileta hivi vitabu nyumbani, mama akaona picha za mapepo akavichukua. Hili jambo halina mlango wa uchawi kweli? Nimesoma kwamba hata Marekani makanisa yalilipinga.

Mleta uzi

Swali la msingi, ndugu yangu, na mama hana kosa kuuliza.

Ni kweli lilipingwa. Mwaka 1979 mwanafunzi mmoja wa chuo huko Michigan alipotea, na mpelelezi wa kukodiwa akawaambia waandishi kwamba huenda aliingia kwenye mahandaki ya mabomba ya chuo akicheza mchezo huu. Magazeti yakabeba. Kijana alipatikana akiwa hai, na ikajulikana kwamba matatizo yake yalikuwa mengine, mazito, hayakutoka kwenye mchezo. Lakini hofu ilikuwa imeshatoka. Miaka yote ya 1980 kulikuwa na kampeni, vikundi vya wazazi, vipindi vya televisheni. TSR wenyewe walipotoa toleo la pili mwaka 1989 waliyaondoa majina ya mashetani wakaweka majina ya kubuni.

Jibu langu ni hili. Mezani hakuna dua, hakuna kafara, hakuna anayeita kitu. Mchezaji akisema mhusika wake anarusha moto, anarusha dadu na kusoma namba. Na hata hilo si la lazima. Refa ndiye anayeamua dunia ina nini. Kilwa yetu haina uchawi wowote: ina ushuru, pepo za kaskazi na kusi, wivu wa wafanyabiashara, basi. Kuna michezo mingine pia: Boot Hill ya 1975 ni ya wachunga ng'ombe wa Marekani. Traveller ya 1977 ni ya vyombo vya anga na biashara kati ya sayari. Kama picha za vitabu vile zinamkwaza mama, usishindane naye. Mwombe akae pembeni asikilize jioni moja ya mchezo usio na hayo. Na kama bado dhamiri yake inakataa, ni nyumba yake, heshimu.

Mdau wa Mombasa

Vijana, mimi ni mtu mzima, bao nimelicheza tangu ujana wangu barazani. Kwani bao letu lina kasoro gani hata tuhangaike na michezo ya Wazungu?

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Bao halina kasoro hata chembe. Mashimo 32, kete 64, kila mchezaji anaanza na kumi ubaoni na 22 mkononi. Kuanzia kunamua mpaka mtaji hakuna bahati hata moja, na bingwa anaona mbele hatua ambazo mimi sizioni hata nikielekezwa. Sijaja kulitoa mahali pake. Naomba tu ulione hili kuwa haja nyingine ya moyo. Bao ni watu wawili wanapimana akili. Huku ni watu watano wanajenga kisa ambacho hakuna mmoja wao angekitunga peke yake, na kwa hilo sisi watu wa pwani tuna mtaji mkubwa kuliko wengi: tumekulia kwenye hadithi za bibi, anayesikiliza akiitikia na kumkatiza msimulizi. Mzee kama wewe ukikalishwa kwenye kiti cha refa, hao vijana hawatainuka hapo.

Mdau wa Kigoma

Mimi hizo hadithi hapana, nimevutiwa na vile vita vya sanamu. Nimeangalia bei za Warhammer nikafunga ukurasa. Tusio na hela tunaingilia wapi?

Mleta uzi

Umefanya vizuri kuufunga. Games Workshop, wenye Warhammer, ni kampuni kubwa kweli: ilianzia London mwaka 1975, sasa makao yake ni Nottingham, na Desemba 2024 iliingia kwenye orodha ya kampuni mia kubwa za soko la hisa la London. Warhammer ilitoka 1983, Warhammer 40,000 ikafuata 1987. Sanamu zao ni kazi safi sana, sibishi. Lakini jeshi zima ni fedha nyingi, na huku kwetu weka juu yake nauli na ushuru wa forodha. Usianzie huko.

Anzia kwenye mchezo wa kikosi kidogo ambao haujali sanamu umezitoa wapi. Ninaoupenda ni Frostgrave, ulioandikwa na Joseph McCullough na kutolewa na Osprey mwaka 2015. Kila mtu ana mchawi, mwanafunzi wake, na askari wasiozidi wanane. Mnaingia kwenye mji uliofukiwa na barafu kugombea hazina, kwenye meza ya kama sentimita 90 kwa 90. Aliyebeba hazina anatembea nusu ya mwendo wake. Kanuni hiyo moja tu inatosha kuleta jasho, maana ukishaokota unakuwa windo.

Pigano lenyewe liko hivi. Jambazi wangu ana nguvu ya kupigana +2, askari wako wa miguu ana +3. Wote tunarusha dadu ya pande ishirini. Mimi 14, jumla 16. Wewe 9, jumla 12. Nimeshinda. Ile 16 yangu inatolewa kinga yako, 11, inabaki 5. Askari wako alikuwa na uhai 10, sasa ana 5. Rusho moja kila upande linaamua nani kapiga na kapiga kwa nguvu gani, hakuna kurudia rudia. Na kwa sababu tumerusha wote, aliyeshambulia anaweza kuumia yeye.

Sasa sanamu. Kwenye drafti za vijiweni tunachezea vizibo vya soda, na hakuna anayelalamika. Basi hapa pia. Kizibo kilichogeuzwa ndicho msingi, unabandika juu yake picha ya askari iliyochapishwa kwenye karatasi ngumu, imekunjwa ili iwe na mbele na nyuma. Steshenari yoyote inakuchapishia. Ukitaka plastiki, kuna maboksi ya askari wa kipimo cha 1/72, ambayo kwa bei ya sanamu mbili tatu za kampuni kubwa unapata kikosi kizima. Majumba: maboksi ya viatu, na lile povu jeupe gumu linalokuja na friji au televisheni. Ukilichora kwa kalamu ya wino isiyo na wino, linatoa mawe ya ukuta vizuri mno.

Tahadhari mbili za fundi. Moja, usipulizie rangi ya kopo moja kwa moja juu ya lile povu jeupe, kemikali zake zinalila; pakaza kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na rangi ya maji. Mbili, kwa sisi wa pwani: rangi ya msingi ya kupulizia haipendi unyevu. Ukipuliza alfajiri au mvua ikiwa imetoka kunyesha, sanamu inatoka na chembechembe kama mchanga na sura yote inapotea. Subiri mchana mkavu, kopo liwe mbali na sanamu kama sentimita 25, mipulizo mifupi.

Kupaka rangi kwenyewe ni raha ambayo sikuitegemea. Rangi unaizimua kwa maji mpaka iwe nyepesi, unapaka mara mbili badala ya mara moja nzito, maana nzito inaziba macho na mikunjo ya nguo. Ikikauka, unaweka rangi ya giza iliyozimuliwa sana ikatiririke yenyewe kwenye mikunjo. Ikikauka tena, brashi karibu kavu, rangi ya mwanga, unapitisha juu juu. Hapo ghafla joho lina kitambaa, uso una mifupa. Nimeona watu wazima wanaikodolea macho sanamu ya sentimita tatu wasitake kuiweka chini.

Mdau wa Muscat

Niko huku Muscat kikazi, zamu za usiku, sina hata mtu mmoja wa kucheza naye. Hiyo ya refa kwangu haiwezekani, au?

Mleta uzi

Inawezekana, kaka. Itafute Ironsworn ya Shawn Tomkin, ilitoka 2018 na kitabu chake cha msingi unakipakua bure. Imeandikwa ili uweze kucheza peke yako. Unajiuliza swali, kwa mfano "mlinzi wa lango yuko macho?", unaamua uwezekano ukoje, unarusha dadu, na majedwali yanakupa jibu ambalo hukulitarajia. Yaani dadu na majedwali ndiyo refa wako, na wewe unatafsiri. Njia ya pili ni kundi la mtandao wa ujumbe: refa anaandika aya moja asubuhi, wachezaji mnajibu kila mtu akipata nafasi. Inaenda polepole, lakini kwa mtu wa zamu inafaa, na inakubakiza na Kiswahili chako.

Mdau wa Tanga

Nimerudi. Nimepata watu watatu kazini, wako moto. Shida wote wananisukumia mimi niwe refa na sijawahi. Nianzeje, na hizo dadu za pande ishirini sina.

Mleta uzi

Safi sana! Dadu kwanza, maana ndiyo rahisi. Mwaka 1979 dadu ziliadimika mpaka TSR wenyewe wakawa wanaweka kwenye boksi vipande vidogo vyenye namba, unachanganya kwenye kikombe na kuchomoa. Kata karatasi ishirini, ziandike 1 hadi 20, tia kikombeni, chomoa, rudisha. Hesabu ni ileile: kila namba ina nafasi ya asilimia 5.

Lakini kwa kuanza nakushauri dadu mbili za kawaida za ludo, zile za duka lolote. Tumia utaratibu uliotoka kwenye Apocalypse World, mchezo wa Vincent na Meguey Baker wa mwaka 2010: rusha mbili, jumlisha, ongeza 1 au 2 kama mhusika ni hodari wa jambo hilo. Jumla 10 na zaidi, amefanikiwa. Kati ya 7 na 9, amefanikiwa lakini kuna gharama. 6 kushuka, refa anaibua jambo baya. Bila nyongeza yoyote, kati ya matokeo 36 ya dadu mbili, 6 ni mafanikio kamili, 15 ni mafanikio yenye gharama, 15 ni balaa. Ukiongeza 2, balaa zinashuka hadi 6 kati ya 36. Utaona lile kundi la katikati ndilo linalokuzalishia kisa, kwa sababu kila mara unalazimika kujibu: amepata, sawa, kwa gharama gani?

Kanuni kamili ukizihitaji baadaye, msingi wa D&D toleo la tano umewekwa wazi kwa leseni ya Creative Commons tangu Januari 27, 2023, baada ya wachezaji kuja juu dhidi ya mpango wa kubadili leseni ya zamani. Ni halali kuupakua, kuutafsiri, hata kuuza ulichokijenga juu yake ukitaja chanzo. Na Kiswahili kinangoja mtu wa kuifanya kazi hiyo.

Kuhusu urefa. Usiandike hadithi nzima, utavunjika moyo wakigeuka kushoto wewe umejenga kulia. Andaa vitu vichache: mahali, watu watatu wenye majina ambao kila mmoja anataka kitu, na jambo litakalotokea wachezaji wakikaa bila kufanya lolote. Mfano: soko la samaki usiku, mnada wa boti ya marehemu. Mjane anataka iuzwe haraka, shemeji anataka isiuzwe kabisa, mnunuzi wa tatu hataki watu waone kilichomo ndani ya tangi la mafuta. Alfajiri boti inaondoka. Basi, umemaliza maandalizi. Wahusika wao wasaidie kuwatengeneza, kila mmoja awe na sababu ya kuitaka ile boti au kumjua mtu mmoja pale.

Ukiwa mezani, sema unachoona, unachosikia, unachonusa, kisha uliza "mnafanyaje?" na unyamaze. Ukimya wa mwanzo usikutishe, usiujaze kwa maneno yako, mmoja wao atasema kitu. Wakikuuliza kama jambo fulani linawezekana na hujui, jiulize tu mtu wa pale angeweza? Kama angeweza bila shida, sema ndiyo, usirushe dadu. Dadu rusha pale tu ambapo kufaulu na kukosa vyote viwili vinavutia. Kabla hamjaanza, ulizaneni mambo ambayo hamtaki yaguswe mezani. Kuna mtu kafiwa juzi, kuna mtu ana lake, na hiyo ni dakika tano tu. Saa mbili na nusu zinatosha kwa mara ya kwanza. Simu ziwe mfukoni, na chakula kiwe cha kuliwa kwa mkono mmoja usio na mafuta, karatasi zitakushukuru.

Mkishamaliza rudi hapa utuambie boti kachukua nani.